Montesquieu au Rousseau: uanze na nani ukitaka kuzielewa Zama za Mwangaza?

Mtu akiamua kuzisoma Zama za Mwangaza kwa dhati, yaani zile fikra zilizoitikisa Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi Mapinduzi ya Ufaransa, hukutana na msururu wa majina: Locke, Voltaire, Hume, Diderot, Kant, Wollstonecraft. Wengi huishia kwenye muhtasari, wakabaki na sentensi moja moja za kujibia mtihani. Mimi nashauri vingine. Chagua mmoja, umsome kwa maneno yake mwenyewe, hata zikiwa kurasa hamsini tu. Na kama kinachokuvuta ni siasa, yaani nani atawale, kwa idhini ya nani, na nani amzuie, basi uchaguzi wa kweli uko kati ya wawili: Montesquieu na Rousseau.

Hao wengine siwadharau. Locke aliwatangulia wote wawili, na hoja yake ya mwaka 1689, kwamba serikali husimama kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, utaikuta kwa Rousseau ikiwa imesukumwa hadi ukingoni. Insha ya Kant ya mwaka 1784 kuhusu maana ya Mwangaza ni fupi mno, unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Voltaire msome siku utakapotaka kumwona mwandishi mmoja akipambana na mahakama. Jean Calas, mfanyabiashara Mprotestanti wa Toulouse, aliuawa Machi 1762 kwa kuvunjwa mifupa kwenye gurudumu, kwa madai kwamba alimuua mwanawe ili asiingie Ukatoliki. Voltaire aliandika barua, akachapisha kitabu, akawasumbua wakubwa, hadi hukumu ile ikafutwa mwaka 1765. (Na ile nukuu inayozunguka sana mitandaoni, kwamba sikubaliani na unayosema ila nitakufa nikitetea haki yako ya kuyasema, si ya Voltaire. Iliandikwa mwaka 1906 na Mwingereza Evelyn Beatrice Hall, akieleza kwa maneno yake msimamo wa Voltaire.)

Lakini Voltaire hakuacha mpango wa dola. Montesquieu na Rousseau waliacha, na mipango yao haifanani.

Jaji na mtoto wa fundi saa

Charles-Louis de Secondat, bwana wa Montesquieu, alizaliwa mwaka 1689 kwenye kasri la La Brède karibu na Bordeaux, katikati ya mashamba ya mizabibu ya ukoo wao. Mwaka 1716 alirithi kwa ami yake cheo kikubwa katika mahakama kuu ya Bordeaux, na mwaka 1726 akakiuza, kwa kuwa enzi hizo vyeo vya mahakama viliuzwa na kununuliwa kihalali kabisa. Kisha akasafiri. Alipita Austria, Hungaria, Italia, Ujerumani na Uholanzi, na kuanzia 1729 hadi 1731 akakaa Uingereza, akienda kusikiliza mijadala ya Bunge. Kitabu chake kikuu, Roho ya Sheria, kilitoka mwaka 1748. Kwenye dibaji anawaomba wasomaji wasiihukumu kwa dakika chache kazi iliyomchukua miaka ishirini.

Jean-Jacques Rousseau alizaliwa Geneva mwaka 1712. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, baba yake alikuwa fundi saa. Alipelekwa kujifunza kazi ya kuchora nakshi kwenye metali chini ya bwana mkali. Jioni moja ya mwaka 1728, akiwa hajatimiza miaka 16, alirudi matembezini nje ya mji akakuta malango yameshafungwa. Hakusubiri kipigo cha asubuhi. Aliondoka akaenda zake, na baadaye akajikimu Paris kwa kunakili noti za muziki. Mwaka 1749, akiwa njiani kwa miguu kwenda Vincennes kumwona rafiki yake Diderot aliyekuwa kifungoni, alisoma gazetini swali la shindano la akademia ya Dijon: je, kustawi kwa sayansi na sanaa kumesaidia kutakasa maadili? Karibu kila mtu wa kizazi kile angejibu ndiyo. Rousseau alijibu hapana, na akashinda.

Weka habari hizi mbili kichwani unaposoma. Mmoja alikuwa ndani ya mfumo, aliona jinsi hukumu inavyoandikwa na jinsi mfalme anavyoweza kuipindisha. Mwingine alikuwa nje ya lango. Jaji anauliza mamlaka yazuiwe vipi. Mtoto wa fundi saa anauliza mamlaka yametoka wapi hata yanihusu mimi.

Nani ana mpango gani

Hoja ya Montesquieu iko zaidi kwenye sehemu ya 11 ya kitabu chake. Anasema uzoefu wa siku zote unaonyesha kwamba kila aliyepewa madaraka huelekea kuyatumia vibaya, naye husonga mbele mpaka akutane na mpaka. Halafu anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: hata wema wenyewe unahitaji mipaka. Simama hapo kidogo. Hasemi tu kwamba viongozi wabaya wadhibitiwe. Anasema kiongozi mwema, anayeipenda nchi yake, mwenye nia safi, naye adhibitiwe vilevile. Dawa yake ni kuyapanga mambo ili madaraka yazuiwe na madaraka: anayetunga sheria asiwe anayeitekeleza, na anayehukumu asiwe yeyote kati ya hao wawili.

Uhuru kwake ni kitu cha kawaida kabisa. Ni utulivu wa moyo wa mtu anayejua kwamba yuko salama, na serikali nzuri ni ile ambayo chini yake raia hana sababu ya kumwogopa raia mwenzake. Ndiyo maana sehemu ya 12, inayohusu sheria za jinai, naiona tamu kuliko hata ile ya 11 inayosifiwa. Humo anasimulia habari ya Marsyas, aliyeota usiku kwamba amemkata koo mtawala Dionysius. Dionysius akaamuru auawe, akisema asingeota usiku kama hakuwaza mchana. Montesquieu anauita huo udhalimu mkubwa, kwa sababu hata kama mtu aliwaza, hakutenda. Sheria ina kazi na vitendo vya wazi tu. Anaendelea kueleza kwamba hakuna kinacholifanya kosa la uhaini liwe la kubahatisha kuliko kuyageuza maneno ya mtu mdomoni kuwa ushahidi wa uhaini. Yeyote anayefuatilia kesi za watu walioshitakiwa kwa walichoandika atasoma kurasa hizo akidhani ziliandikwa jana.

Rousseau anaanzia kwingine. Mkataba wa Jamii wa mwaka 1762 unafungua kwa sentensi isemayo binadamu amezaliwa huru, na kila mahali yuko minyororoni. Hataki kujua minyororo ilivyokuja. Anataka kujua ni kitu gani kingeweza kuifanya iwe halali. Nguvu haiwezi, anasema, maana mwenye nguvu akishindwa na mwingine haki yake imekwisha. Mila haiwezi. Kinachobaki ni makubaliano ya watu wenyewe, ambapo kila mmoja anajitoa kwa wote, na wote kwa pamoja ndio wenye mamlaka makuu. Sheria ni kauli ya utashi wa jumla, yaani kile ambacho jumuiya nzima inakitaka kwa manufaa ya wote, si jumla ya matakwa ya kila mtu na tamaa zake.

Kutoka hapo anafika pagumu kuliko mwandishi yeyote wa wakati wake. Mamlaka ya wananchi, anasema, hayawakilishiki. Waingereza hujidhania watu huru, kumbe wanajidanganya: wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, na wabunge wakishapatikana, wananchi wanarudi utumwani. Baadaye, alipoombwa ushauri kuhusu utawala wa Poland, alilegeza. Alikubali nchi kubwa iwe na wawakilishi, ila wafungwe kwa maagizo ya waliowatuma na wachaguliwe mara kwa mara. Woga wake haukuondoka.

Kuna upande mwingine wa Rousseau ambao lazima uujue kabla hujampenda. Anasema anayekataa kutii utashi wa jumla atalazimishwa kuwa huru. Anasema ni vizuri dola isiwe na makundi madogo ndani yake, ili utashi wa jumla usikike. Na kwenye sura ya karibu na mwisho anapendekeza dini ya kiraia yenye itikadi chache, ambayo asiyeiamini afukuzwe nchini, na aliyekiri kuiamini kisha akatenda kama asiyeiamini auawe. Watetezi wake hueleza muktadha wa kila sentensi, na baadhi ya maelezo yao yana nguvu. Mimi nimeyasoma, na bado naona hatari imo ndani ya maandishi yenyewe. Mtu mwenye jeshi akiamini kwamba yeye ndiye anayeujua utashi wa jumla, Rousseau hamwachii mpinzani wake pa kusimama.

Vinavyosomeka

Mkataba wa Jamii ni kitabu chembamba: sehemu nne, sura 48, nyingi za kurasa mbili tatu. Sehemu ya kwanza unaimaliza jioni moja. Lakini usidanganyike na wembamba wake. Kila sentensi inabeba ile iliyotangulia, ukipoteza uzi kwenye sura ya sita huelewi chochote kwenye sehemu ya pili.

Roho ya Sheria ina sehemu 31 na mamia ya sura, na haina mpangilio unaoonekana kwa urahisi. Utakutana na kodi, ndoa, biashara ya baharini, historia ya Wafaranki, hali ya hewa. Kurasa nyingi zimepitwa na wakati, nakwambia wazi uziruke. Nafuu yake ni kwamba unaweza kuingilia popote. Baadhi ya sura ni sentensi mbili tatu tu. Sura ya 13 ya sehemu ya 5, inayoeleza utawala wa kidhalimu, inasema tu kwamba watu wa porini wa Louisiana wakitaka tunda huukata mti shinani na kulichuma, na kwamba huo ndio utawala wa kidhalimu. Sura imekwisha. Mfano wenyewe unawaonea watu wa Louisiana, na nadhani alistahili kuhojiwa kwa hilo, lakini picha ya serikali inayokata mti ili ile tunda la msimu mmoja hutaisahau.

Aliyesoma kwa Kifaransa, kama wasomaji wengi wa Kiswahili wa Goma, Lubumbashi au Bujumbura, ana bahati, maana vitabu vyote viwili viko huru mtandaoni kwa lugha yake ya asili, De l'esprit des lois na Du contrat social. Rousseau kwa Kifaransa anaimba, na tafsiri nyingi humpoteza sauti. Montesquieu hapotezi sana. Tafsiri za Kiingereza za bure mara nyingi ni za zamani na nzito. Ukiweza kuazima toleo jipya lenye maelezo pembeni kwenye maktaba ya chuo, hasa kwa Montesquieu, azima.

Walipokutana kwenye karatasi moja

Kama unataka kuwaona wote wawili kwa dakika kumi, fungua Tamko la Haki za Binadamu na za Raia la Ufaransa, la tarehe 26 Agosti 1789. Lina ibara 17. Ibara ya 6 inasema sheria ni kauli ya utashi wa jumla, na hapo anaongea Rousseau. Ibara ya 16 inasema jamii ambayo haki hazina ulinzi wala mgawanyo wa madaraka haujawekwa bayana, haina katiba. Huyo ni Montesquieu. Wote wawili walikuwa wamekufa, mmoja mwaka 1755, mwingine 1778. Miaka minne baadaye Robespierre na wenzake, walioshika hatamu za mapinduzi, waliishika ibara ya 6 wakaiacha ile ya 16. Waliua kwa jina la wananchi, bila mahakama iliyoweza kuwaambia hapana. Rousseau hakuagiza hayo, na si haki kumbebesha damu ya watu waliokufa miaka 15 na zaidi baada yake. Ila Robespierre alimwita mwalimu wake, na hakuhitaji kumpindisha sana.

Marekani walichukua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 1787 inamkataza mtu mwenye wadhifa serikalini kukaa ndani ya Bunge kwa wakati huohuo. Hapa kuna jambo la kushangaza: walimfuata Montesquieu kuliko Uingereza aliyokuwa akiieleza, kwa sababu Uingereza yenyewe, hata wakati wake, mawaziri walikaa bungeni. James Madison, akiitetea katiba hiyo mwanzoni mwa 1788, alieleza kwamba Montesquieu hakumaanisha mihimili isigusane kabisa. Hatari ni pale mkono ulioshika madaraka yote ya mhimili mmoja unaposhika pia madaraka yote ya mwingine. Maelezo hayo ya Madison yasome sambamba na sehemu ya 11, yatakuepusha na ukali usio na maana.

Kwenye katiba za huku

Ukitoka Ufaransa ukafungua katiba za Afrika Mashariki, wote wawili wamo. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi wa Kenya. Hiyo ni sauti ya Rousseau, ingawa ilipita mikono mingi hadi kutufikia.

Kwa Montesquieu, nchi hizi mbili zimeachana. Kenya imeamua waziri asiwe mbunge. Tanzania inataka waziri atoke miongoni mwa wabunge, na katiba yake inalieleza Bunge kuwa na sehemu mbili, Rais na Wabunge. Ukitaka kujua kama hilo lina ubaya au halina, swali la Montesquieu ndilo la kuuliza: ni madaraka gani ya mhimili mmoja yamo mikononi mwa mwingine, na nani anabaki wa kusema hapana?

Na Rousseau anatugusa mahali pengine nyeti. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba penye chama kimoja kinachofungamana na taifa zima, misingi ya demokrasia huweza kuwa imara kuliko penye vyama viwili vinavyowakilisha makundi. Tanzania ikawa na chama kimoja kisheria kuanzia 1965 hadi 1992. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliandika na mwenzake mwaka 1968 kuhusu Rousseau na siasa za namna hiyo barani Afrika, na ukishasoma onyo la Rousseau dhidi ya makundi ndani ya dola unaona kwa nini. Simlaumu Nyerere kwa urahisi. Alikuwa na nchi changa, na hoja yake ilikuwa ya mtu mkweli, ambaye baadaye mwenyewe alihimiza vyama vingi virudi. Lakini hapo ndipo ile kauli ya Montesquieu, kwamba hata wema unahitaji mipaka, inapokuwa na uzito ambao sijauona kwa Rousseau.

Rousseau naye ana pa kujibu. Katiba ya Kenya, ibara ya 104, inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla muda wake haujaisha. Mihimili mitatu inaweza kudhibitiana vizuri kabisa huku yote mitatu ikiwa imemsahau mwananchi wa kijijini. Jaji wa Bordeaux hakuliwaza sana hilo. Mtoto wa fundi saa hakuliacha hata siku moja.

Mtumwa na mwanamke

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa pwani yetu awe mkali kwa wote wawili.

Montesquieu anasema utumwa kwa asili yake si mwema. Sura ya 5 ya sehemu ya 15 imeandikwa kwa sauti ya mtetezi wa utumwa ili kumfedhehesha: sukari ingekuwa ghali mno bila watumwa, na haiwezekani tukawadhania hawa kuwa watu, maana tukiwadhania hivyo, watu wataanza kuona kwamba sisi wenyewe si Wakristo. Usiisome sura hiyo kama ilivyo, utamwelewa kinyume. Lakini kurasa mbili mbele anakiri kwamba kwenye nchi za joto kali utumwa hauikwazi akili sana, na nadharia yake kwamba joto huwafanya watu waoga iliwasaidia watawala wa kikoloni kwa muda mrefu.

Rousseau ni mkali zaidi kwa maneno: utumwa na haki havikai pamoja, kimoja kinakifuta kingine. Tatizo ni kwamba kwenye kitabu hicho minyororo anayoiongelea ni ya raia wa Ulaya. Watumwa weusi wa makoloni ya Ufaransa, waliokuwa wakifa mashambani wakati anaandika, hawamo.

Na hawakuwa mbali na sisi. Julai 1776 Wamarekani walitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Septemba ya mwaka huohuo, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka. Watu hao walipelekwa hasa kwenye visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Ufaransa ilipofuta utumwa mwaka 1794, walowezi wa Mauritius waliwafukuza wajumbe waliokuja na amri hiyo mwaka 1796, na mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria. Waliolichukulia neno la uhuru kwa uzito wake wote ni watumwa wenyewe wa Haiti, walioasi mwaka 1791 na kutangaza taifa lao Januari 1804.

Kuhusu wanawake, Montesquieu anampita mwenzake kwa mbali. Riwaya yake ya mwaka 1721, Barua za Kiajemi, inaishia na Roxane, mke aliyefungiwa nyumbani na bwana anayezurura Ulaya akihubiri busara. Anamwandikia kwamba aliishi utumwani lakini moyoni alikuwa huru siku zote. Rousseau, kwenye Émile, kitabu chake cha malezi, anataka msichana alelewe ili ampendeze mwanamume, na Mary Wollstonecraft alimjibu mwaka 1792 kwa hasira iliyostahili. Tena huyo Rousseau aliyeandika kitabu kikubwa cha malezi aliwapeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Pamoja na hayo, Émile ilibadilisha namna Ulaya ilivyomtazama mtoto: kwamba utoto una thamani yake, na mtoto ajifunze kwa kugusa na kuona kabla ya kukaririshwa. Kwa utamaduni, si kwa siasa tu, ushawishi wa Rousseau ulienea zaidi. Elimu, mapenzi ya maumbile, uandishi wa maisha ya mtu binafsi, vyote vina alama yake.

Basi umchukue yupi

Ukiwa mwalimu, au mtu wa sanaa, au kijana ambaye bado hajapata jibu la kwa nini atii serikali yoyote, anza na Rousseau. Soma sehemu ya kwanza yote ya Mkataba wa Jamii, kisha sura ya 15 ya sehemu ya tatu. Usiishie hapo kabla ya kusoma sura ya dini ya kiraia, kwenye sehemu ya nne.

Ukiwa mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari, diwani, au raia tu anayefuatilia mjadala wa katiba mpya, anza na Montesquieu. Na ukiniuliza nichague mmoja kwa ajili ya wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, namchagua yeye. Sababu yangu ni hii: alichodai Rousseau, kwamba mamlaka ni ya wananchi, tayari kimeandikwa kwenye kurasa za mwanzo za katiba zetu na hakuna mwanasiasa anayekipinga hadharani. Alichodai Montesquieu ndicho kinachogombewa hadi leo: nani anateua majaji, spika anamtii nani, polisi wanaweza kumshika mtu kwa maneno yake au hawawezi. Anza na sehemu ya 2 na ya 3 kwa haraka, upate aina zake tatu za utawala. Kisha sura sita za mwanzo za sehemu ya 11, polepole. Kisha sehemu ya 12, ambayo walimu wengi huiruka. Malizia na sehemu ya 15, penseli mkononi.

Yeyote utakayemchagua, tafuta na kitabu kidogo cha Ottobah Cugoano. Alizaliwa katika nchi iitwayo leo Ghana, akatekwa akiwa mtoto, akapelekwa Grenada, na mwaka 1787 akachapisha London dai la kufuta utumwa wote na biashara yake, akipendekeza hata manowari zitumwe pwani ya Afrika kuizuia. Anaandika kwa Biblia na kwa hoja za haki za asili, lugha ileile ya Zama za Mwangaza, na hana sura hata moja ya kusingizia hali ya hewa.